Mti wa ukoo si faili moja: kuhifadhi na kurejesha kumbukumbu za familia kwenye kompyuta

Familia nyingi za Goma zilizoanza kuandika ukoo wao kwenye kompyuta hukutana na fumbo lile lile. Mashine mpya imenunuliwa, au ya zamani imekufa. Kijana anachukua flashi yenye "faili la ukoo", analifungua, na majina yote yanajitokeza: babu, wake zake, watoto waliofariki wakiwa wachanga, tarehe za ubatizo, vijiji vya Masisi na Rutshuru walikotoka. Lakini mahali pa picha pana kisanduku kitupu. Sauti ya bibi akitaja mababu zake, iliyorekodiwa kwa simu, haifunguki. Cheti cha ubatizo cha baba hakionekani. Kijana anaamini flashi imeharibika. Flashi ni nzima kabisa. Picha, sauti na cheti havikuwahi kuingia ndani ya lile faili.

Tunasema "faili la ukoo" kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe ni vitu vitatu. Kuna hifadhidata, yaani majina, tarehe, na nani ni mtoto wa nani. Kuna rundo la picha, sauti na hati zilizopigwa skana. Halafu kuna anwani zinazoiambia programu kwamba picha ya babu iko kwenye folda fulani ya diski fulani. Ukihifadhi cha kwanza peke yake, umehifadhi orodha. Ukihifadhi cha pili peke yake, una picha za watu ambao baada ya miaka ishirini hakuna atakayewatambua. Ukivihifadhi vyote viwili bila cha tatu, utakaa majuma ukioanisha upya sura na majina, na wazee ambao wangekusaidia huenda hawapo tena.

Kazi basi ni kuvibeba vyote vitatu, kuvirudisha bila kuviharibu, na kuviweka mahali ambapo volkano ya Nyiragongo haitavifikia vyote kwa mara moja.

Kinachovunjika kwanza ni anwani

Nitatumia zaidi mfano wa Gramps, kwa sababu ni programu ya bure, inakubali Windows, Linux na Mac, haidai intaneti ikishawekwa, na ina menyu za Kifaransa ambazo wengi wetu tuliosomea Kongo tunazielewa bila shida.

Unapomwekea babu picha katika Gramps, programu haiichukui ile picha. Inaandika tu mahali ilipo, kwa mfano C:\Users\Papa\Pictures\Babu\harusi.jpg, na picha inabaki palepale kwenye folda yake. Ukiihamisha folda, ukibadili jina lake, au ukifungua mti kwenye mashine ambayo mtumiaji wake haitwi Papa, anwani hiyo haielekei popote. Programu nyingine nyingi za ukoo, za bure na za kulipia, hufanya vivyo hivyo.

Dawa yake ni kuamua mapema kwamba kumbukumbu zote zitakaa ndani ya folda moja, tuseme Ukoo, yenye folda ndogo za Picha, Sauti na Hati. Kitu chochote kitakachounganishwa na mtu kiingie humo kwanza, kipewe jina lake la kudumu, halafu ndipo kiunganishwe. Kwenye mapendeleo ya Gramps kuna nafasi ya kuandika folda ya msingi ya picha. Ukiandika pale folda ya Ukoo, anwani zinakuwa fupi, kama Picha/harusi.jpg, na kompyuta yoyote inaweza kuzifuata mradi imeambiwa Ukoo iko wapi. Aliyekwisha kuunganisha mamia ya picha kwa anwani ndefu hana haja ya kuanza upya: kwenye menyu ya zana kuna kifaa cha kusimamia picha ambacho huzigeuza zote kwa pamoja. Ila chukua nakala ya akiba kabla ya kukigusa.

Majina ya mafaili nayo yanastahili uangalifu. Picha na sauti zetu nyingi zimepitia WhatsApp, na hufika zikiitwa IMG-20210523-WA0007.jpg au PTT-20210523-WA0003.opus. Tarakimu hizo zinaonyesha siku ujumbe ulipopita kwenye simu, hazihusiani na siku ya harusi. Jina kama 1968-harusi-babu-na-bibi-Bukavu.jpg litasomeka hata siku ambayo programu zote zimesahaulika. Epuka nafasi na herufi zenye alama za Kifaransa kwenye jina la faili, maana zinapohama kutoka Windows kwenda Linux kupitia faili lililobanwa, wakati mwingine hugeuka vimistari na anwani ikavunjika. Na shangazi akiwa na picha ya zamani kwenye simu yake, mwombe aitume kama dokumenti. Ikitumwa kama picha ya kawaida, WhatsApp huipunguza ubora na kuondoa tarehe ambayo kamera iliandika ndani yake.

Mafaili matatu yanayoitwa kwa jina moja

Mkanganyiko mkubwa wa pili ni kwamba watu huita "bakapu" vitu ambavyo havifanani.

Cha kwanza ni nakala ambayo programu inajitengenezea. Gramps huandika faili la aina ya .gramps unapoifunga, mradi mpangilio huo haujazimwa. Ni jambo jema, lakini faili hilo halibebi picha, na kwa kawaida linakaa kwenye diski ile ile ambayo hifadhidata iko. Diski ikifa, vinakufa pamoja. Hifadhidata yenyewe iko kwenye folda ambayo Windows huificha, si kwenye Documents. Nimewaona watu makini kabisa wakinakili Documents yote kwenye flashi na kuamini kazi imekwisha, na ndani ya nakala hiyo hamna hata jina moja la mti wao.

Cha pili ni kifurushi. Katika Gramps kinaishia na .gpkg, na hiki ndicho hubeba hifadhidata pamoja na picha, sauti na hati zote zilizounganishwa. Ukipata muda wa kufanya jambo moja tu mwezi huu, toa kifurushi hiki. Programu nyingine zina njia zao: Legacy hutengeneza nakala mbili tofauti, moja ya majina na nyingine ya picha, na mtu asiyejua huchukua ya kwanza akaondoka. RootsMagic hukuuliza kama unataka picha ziingie pia. Jibu ndiyo kila mara, hata kama inachukua muda.

Cha tatu ni GEDCOM, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndicho kinachosifiwa sana na kueleweka kidogo. Ni mfumo uliobuniwa mwaka 1984 na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ili mti ulioandikwa kwenye programu moja uweze kusomwa na nyingine. Toleo linalotumika zaidi hadi leo ni 5.5.1, lililotolewa mwaka 1999. Toleo la 7.0 lilifuata mwaka 2021. Faili la GEDCOM ni maandishi matupu. Unaweza kulifungua kwa programu yoyote ya kuandikia na ukasoma: mstari unaoanza na 0 unafungua mtu au familia, wenye 1 unataja jambo lake, wenye 2 unafafanua jambo hilo. BIRT ni kuzaliwa, MARR ni ndoa, DEAT ni kifo, DATE ni tarehe, PLAC ni mahali. Kwa hiyo hata miaka 30 ijayo, mjukuu asiye na programu yoyote ya ukoo ataweza kuona kwamba babu alizaliwa wapi na lini. Hakuna nakala nyingine unayoweza kuisema hivyo kwa uhakika kama huo.

Lakini GEDCOM ya 5.5.1 hubeba anwani za picha tu, picha zenyewe hazimo. Toleo la 7.0 limeongeza faili lililobanwa linaloziweka pamoja, ila si programu zote zinazolitambua. Upungufu mwingine ni wa herufi. GEDCOM za zamani zilitumia mfumo wa herufi uitwao ANSEL, na nyingine mifumo ya Windows. Ukifungua kwa mfumo usio wake, Hélène na André huharibika na kuwa mchanganyiko wa alama zisizosomeka. Unapotoa GEDCOM, chagua mfumo wa herufi wa UTF-8 kila unapopewa nafasi ya kuchagua.

Upungufu unaotugusa sisi zaidi ni wa mahusiano na majina. Mzee mwenye wake watatu hana tatizo: GEDCOM humwandikia familia tatu, kila moja na mama yake na watoto wake, na hilo husafiri vizuri. Mtoto aliyelelewa na shangazi baada ya wazazi kufariki ni jambo jingine. Kuna alama ya kueleza kwamba ni mtoto wa kulelewa, ila baadhi ya programu huiruka, na akifika upande wa pili anaonekana kama mtoto wa kuzaliwa wa shangazi. Kadhalika majina. Mwaka 1972, katika siasa ya kurudia uasili, utawala wa Mobutu uliwalazimisha Wazaire kuacha majina ya Kikristo na kuchukua ya Kiafrika. Ndiyo sababu mtu mmoja ana jina moja kwenye kitabu cha ubatizo, jingine kwenye kadi ya wakati wa Zaire, na watoto wake huenda hawashiriki naye jina hata moja. Mti mzuri wa Kikongo umejaa majina ya pili. Programu ikipokea GEDCOM na kuchukua jina la kwanza tu, umepoteza daraja kati ya hati mbili za mtu yule yule, na hutagundua mpaka siku utakapomtafuta.

Msimamo wangu ni huu: kifurushi cha programu ni kwa ajili ya kurejesha kazi yako kama ilivyokuwa, na GEDCOM ni kwa ajili ya siku ambayo programu hiyo haitakuwepo. Toa vyote viwili. Siku hiyo huja kweli. Waliotangulia kuandika koo zao miaka ya 2000 walitumia sana programu ya PAF, iliyokuwa ya bure, na mwaka 2013 ilisimamishwa. Mafaili yake bado yako kwenye diski za watu. Programu kama Ancestral Quest bado inaweza kuyafungua, ila mwenye GEDCOM kando yake hahitaji kutafuta.

Kurejesha ndiko kunakoharibu

Watu huogopa kupoteza, hawaogopi kurejesha. Nadhani ingefaa iwe kinyume chake, kwa sababu kurejesha ndiko kunakofuta kazi kwa mkono wa mwenye kazi.

Ajali ya kawaida ni hii. Dada yuko Goma anaongeza majina kwa miezi kadhaa. Kaka anakuja kutoka Bukavu na nakala ya mwaka jana, anairejesha kwenye mashine ya dada "ili picha zirudi". Programu nyingi zikirejesha faili lenye jina lile lile hubadilisha la sasa kwa la zamani. Picha zimerudi, miezi ya kazi imeondoka. Ajali ya pili ni ya Gramps na ya GEDCOM kwa jumla: ukiingiza nakala ndani ya mti ambao tayari una watu, kila mtu anaweza kujitokeza mara mbili, na kuwaunganisha tena mmoja mmoja ni adhabu.

Kwa hiyo, kabla ya kurejesha chochote, toa kwanza kifurushi cha hali iliyopo sasa, hata kama unaamini imeharibika. Kisha tengeneza mti mpya mtupu, uupe jina lenye tarehe, na uingize nakala humo. Miti miwili itakaa sambamba na utailinganisha kwa utulivu. Ukishahakikisha, ndipo unaamua upi uendelee.

Kuhakikisha kunamaanisha kufungua kwenye mashine nyingine, maana kwenye mashine yako anwani za zamani bado zinafanya kazi na zitakudanganya. Nenda kwa jirani au kwenye sekretaria ya mtu unayemwamini. Tazama idadi ya watu kama inalingana na ya kwako. Tafuta mtu mwenye jina lenye alama za Kifaransa. Tafuta mzee mwenye wake zaidi ya mmoja, mtoto wa kulelewa, na mtu mwenye jina la kabla na baada ya 1972. Fungua picha moja na sauti moja, uisikilize mpaka mwisho, kwa sababu faili lililonakiliwa nusu huanza kucheza vizuri kabla ya kukatika. Hao wachache wakiwa salama, wengine wana uwezekano mkubwa wa kuwa salama pia.

Kuna jambo dogo ambalo huwakwamisha wengi: nakala iliyotolewa na toleo jipya la programu huenda isifunguke kwenye toleo la zamani. Binamu wa Lubumbashi ambaye hajaisasisha Gramps yake kwa miaka ataona ujumbe wa kosa tu. Weka faili la kusakinisha programu kwenye flashi ile ile pamoja na kifurushi. Linachukua nafasi ndogo, na litamwokolea mega za intaneti.

Nakala ziwe na tarehe kwenye jina, kama Ukoo-2025-06-30.gpkg, na zisifutane. Kosa kwenye mti halijulikani siku lilipotendeka. Kwetu mjukuu hupewa jina la babu, na ni rahisi mno mtu kuunganisha wawili wenye jina moja akidhani ni marudio. Babu anageuka mtoto wa mwanawe, na hilo linagunduliwa miezi baadaye mzee mmoja anapoletewa karatasi asome. Kama una nakala ya jana pekee, kosa limo ndani yake tayari. Weka angalau ya mwezi uliopita, ya robo mwaka na ya mwaka jana.

Flashi si sanduku la chuma

Flashi ndiyo hifadhi ya wengi wetu, na inafaa kujulikana udhaifu wake.

Kwanza kuna ile ya bei ya kutilia shaka. Flashi inayodai terabaiti 1 kwa bei ya ile ya gigabaiti 16 karibu kila mara imeghushiwa: ndani ina nafasi ndogo, na imepangwa iiambie kompyuta kwamba ni kubwa. Unanakili mafaili, unaona majina yao yote, hakuna ujumbe wa kosa. Nafasi halisi ikijaa, mafaili mapya yanaandikwa juu ya ya zamani au yanapotea, na unakuja kujua unapoyafungua. Kabla ya kuikabidhi flashi mpya kumbukumbu za familia, ijaribu kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux. Zote ni za bure. Zinaijaza flashi yote kisha zinasoma tena kuona kama kilichoingia ndicho kinachotoka.

Pia kuna kikomo cha ukubwa. Flashi nyingi hutoka kiwandani zikiwa na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi gigabaiti 4. Kifurushi chenye video ya mazishi au ya harusi hupita hapo kwa urahisi, kisha kompyuta inakataa kulinakili wakati flashi iko karibu tupu. Ifomati kwa mfumo wa exFAT, usio na kikomo hicho, ikiwa bado haina kitu ndani, maana kufomati kunafuta kila kilichomo.

Virusi navyo tunavijua. Flashi inaingia kwenye mashine ya siber (duka la intaneti) kwa ajili ya kuchapa karatasi moja, inatoka ikiwa na njia za mkato tu mahali pa folda. Mara nyingi mafaili hayajafutwa, yamefichwa. Usibofye zile njia za mkato, na usifomati kwa hasira. Kwenye Windows yenye kinga nzuri ya virusi, fungua dirisha la amri na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadili E kuwa herufi ya flashi yako. Folda zitaonekana tena, uzinakili kwingine kisha uisafishe flashi. Flashi ya ukoo isitumike kubebea karatasi za kuchapa. Iwe na kazi moja.

Tena flashi huhifadhi data kwa chaji za umeme zilizonaswa ndani ya seli ndogo, na chaji hizo huvuja polepole. Iliyofungiwa kabatini miaka mingi bila kuchomekwa inaweza kupoteza sehemu ya kilichomo. Diski za nje zinazozunguka hazina shida hiyo, lakini hazipendi mtikisiko, na kuzibeba kwenye pikipiki juu ya njia zetu za mawe ya lava ni kuzijaribu kupita kiasi. Izungushie nguo, uiweke mkobani mbele yako. Na wakati wa kunakili, tumia kompyuta ya mkononi yenye betri nzima. Umeme ukikatika faili likiwa katikati ya kuandikwa, unabaki na kipande cha faili kisichofunguka na jina zima linalokuaminisha kwamba kipo.

Mbali ni wapi

Nyiragongo ilitapika tarehe 10 Januari 1977, tena 17 Januari 2002, tena 22 Mei 2021. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikateketeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, na watu zaidi ya 100,000 wakabaki bila nyumba. Mwaka 2021 ilisimama upande wa Buhene, lakini siku chache baadaye, tarehe 27 Mei, watu wa kartie (mitaa) nyingi za mji waliamriwa kuondoka, na barabara ya Sake ikajaa watu wenye magodoro kichwani. Wengine walivuka kwenda Rwanda, wengine walipanda boti kwenda Bukavu. Pamoja na volkano kuna vita, kuna wizi, na kuna moto unaorukia nyumba za mbao moja baada ya nyingine.

Nakala iliyo kwenye droo ya meza ile ile yenye kompyuta haihesabiki kuwa nakala ya pili kwa matukio ya namna hiyo. Wanaotunza picha wana kanuni iliyosambazwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, na moja kati yake iwe kwingine. Kwa Goma mimi naisoma "kwingine" kuwa mji mwingine. Kartie za Himbi na Majengo si mbali. Zote ziliguswa na hofu ile ile siku ile ile. Bukavu ni mbali, na Lubumbashi, zaidi ya kilomita 1,000 kusini, ni mbali kabisa. Familia nyingi zetu tayari zina mtu huko. Kinachokosekana ni kumwomba.

Hapa kutenganisha vile vitu vitatu kunaleta nafuu kubwa. Hifadhidata ni nyepesi mno. GEDCOM ya watu elfu moja kwa kawaida haifiki hata megabaiti chache, na Gmail inatuma viambatisho vya hadi megabaiti 25. Kwa hiyo majina yaende kwa barua pepe kila unapomaliza kazi, kwa mega kidogo sana. Picha na sauti ndizo nzito, na ndizo zinazobadilika polepole. Hizo zibebwe na flashi mkononi mwa ndugu anayepanda boti kwenda Bukavu, mara mbili au tatu kwa mwaka. Tukio baya likitokea kati ya safari mbili, utapoteza picha chache za mwisho, na majina yote utakuwa nayo.

Hifadhi ya mtandaoni inasaidia, ila kwa masharti. Google hutoa gigabaiti 15 za bure, zinazogawanywa kati ya barua pepe, mafaili na picha. Folda inayojisawazisha yenyewe siyo nakala ya akiba: ukifuta picha kwenye kompyuta, inafutika na kule pia, na kwenye Google Drive hubaki kwenye pipa siku 30 tu kabla ya kuondolewa. Usiiweke hifadhidata inayotumika moja kwa moja ndani ya folda ya namna hiyo, maana programu na usawazishaji vikiiandika kwa wakati mmoja inaweza kuvurugika. Weka humo vifurushi vilivyokamilika. Na ufahamu kwamba akaunti ya Google isiyoguswa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo, kanuni iliyoanza kutekelezwa mwishoni mwa 2023. Mwenye akaunti akifariki na hakuna mwingine anayeijua, saa imeanza kuhesabu. Kwenye mipangilio ya akaunti kuna mahali pa kumtaja mtu atakayepewa vilivyomo ikikaa kimya. Ijazeni mkiwa mmeketi pamoja.

Nani aone, nani asione

Kuhifadhi mahali pengi kunaleta hatari nyingine, na kwa upande wetu wa Kongo haifai kuichukulia kwa wepesi. Mti kamili unaonyesha kabila, kijiji cha asili, nani ameoana na nani, na mahali wanapoishi watu walio hai leo. Kuna vizuizi vya barabarani ambapo flashi kama hiyo mfukoni ingeleta maswali mabaya.

Nakala inayosafiri ifungwe kwa neno la siri. 7-Zip ni ya bure na inafunga faili kwa usimbaji imara wa AES-256. Uchague pia kuficha majina ya mafaili yaliyomo, maana bila hivyo majina yanasomeka hata kama mafaili hayafunguki. VeraCrypt hufunga flashi nzima. Neno hilo likisahaulika hakuna fundi wa kulifungua, si Goma wala Kampala, hivyo walijue watu wawili wasiosafiri pamoja, na lisiandikwe kwenye karatasi iliyofungwa na flashi yenyewe.

Kwa ndugu anayetaka tu kuona mti, haihitajiki nakala kamili. Wakati wa kutoa GEDCOM, Gramps inaweza kuwaacha nje watu walio hai, au kuficha majina na tarehe zao, na kuondoa kila ulichokitia alama ya siri. Mtumie hiyo. Ile kamili, yenye picha, sauti na anwani zake, ikae kwako, kwa mwenzako wa Bukavu na kwa mwenzako wa Lubumbashi, na kila anapopokea mpya aifungue siku hiyo hiyo, ahesabu watu, asikilize sauti moja, kisha akuandikie kwamba imefunguka.